Miezi mitatu na aplikesheni ya kugeuza sauti kuwa maandishi: wazee wangu wa Marangu wamekunywa mbegu

Habari za saa hizi wakuu. Niliahidi nitaleta mrejesho wa ile aplikesheni ya kusikiliza sauti na kuandika, nimechelewa kwasababu nilitaka kwanza nimalize kazi yote, nisije nikaisifia siku ya pili halafu siku ya kumi nije kufuta maneno yangu. Jina sitaitaja, kwanza sijalipwa kuitangaza na pili sitaki kugombana na wenye nayo, ila mnaofanya unukuzi wa mahojiano mtaijua tu, ni hizi za kulipia kwa mwezi, unapakia faili, unachagua lugha, unaenda kunywa chai, ukirudi unakuta kurasa zimejaa.

Mi niko Moshi, kazi yangu ni msaidizi wa utafiti, yaani yule jamaa anayepanda Noah asubuhi kwenda Marangu Mtoni na rekoda mfukoni na karatasi ya maswali, halafu jioni anashuka na sauti za wazee masaa mawili matatu. Safari hii ilikuwa historia ya vihamba (yale mashamba ya ukoo ya migomba) na kahawa, wazee 31, sauti kama masaa 26 hivi. Zamani kazi ya namna hii nilikuwa nampelekea dada mmoja ana steshenari pale karibu na stendi, anavaa hedifoni anachapa, elfu 20 kwa kila saa moja ya sauti, ukipiga hesabu ni laki tano na ushee, bosi wangu aliposikia akakunja uso kama kalamba ndimu. Aplikesheni ni elfu 35 kwa mwezi. Unadhani angechagua ipi.

Nianze na mazuri maana yapo na siyo ya kubabaisha. Faili la kwanza lilikuwa la mwalimu mstaafu wa Old Moshi, anaongea Kiswahili cha ubaoni, taratibu, sebuleni hakuna hata kuku. Saa nzima ya mazungumzo ikaandikwa ndani ya dakika saba. Nikakaa na hedifoni kutafuta makosa nikaona aibu mwenyewe, maana mwalimu anatema mavitenzi marefu yale, "tulipowapelekea", "hawakutusikiliza", "wakatuandikia", na mashine inayapokea yote bila kukwama. Na hilo si dogo, "tulipowapelekea" peke yake imebeba nani anafanya, wakati gani, anafanyiwa nani, kitendo chenyewe na kwa ajili ya nani, Mzungu hapo anahitaji sentensi nzima na pumzi. Ngeli nazo safi, migomba ilikatwa, mashina yaling'olewa, kihamba kiligawanywa, sikuona upatanisho hata mmoja umepinda. Jioni ile nilimpigia bosi nikamwambia tumeokoka.

Kesho yake nikaweka faili la mzee wa Marangu.

Huyu mzee ana miaka themanini na kitu, anaongea huku anacheka, Kiswahili na Kichagga vinapishana mdomoni kama watu mlangoni, na alikuwa anaeleza jinsi wazee wa ukoo walivyokuwa wanakaa kugawa zamu za maji ya mfongo. Kwa msio wa huku, mfongo ni ule mtaro wa kuteremsha maji toka mlimani mpaka kwenye vihamba, na mbege ni pombe yetu ya ndizi. Mzee kasema, nasikia wazi kabisa kwenye rekodi, "wakimaliza kikao inaletwa mbege, wanakunywa, maneno yameisha". Mashine ikaandika "wakimaliza kikao inaletwa mbegu, wanakunywa, maneno yameisha". Nikasema sawa, bahati mbaya. Mbele kidogo, mbegu ya posa. Mbele tena, mama mkwe kaja na debe la mbegu kichwani, watu wakalewa. Mfongo ukawa "mfungo" mara tisa, kwahiyo ukisoma ile hati unaona kijiji kizima cha Wachagga kinachimba Ramadhani toka msituni mpaka shambani. Kihamba chenyewe, ambacho ndo mada ya utafiti mzima, kuna mahali kimekuwa "kishamba".

Nilicheka mpaka machozi halafu nikakumbuka naletewa hela kwa kazi hii nikaacha kucheka.

Sasa kwanini mbegu? Sikio lake si bovu, shida iko kwenye kubahatisha. Hizi mashine zina mambo mawili kwa pamoja, zinasikia sauti na zinakisia neno gani kwa kawaida linakuja mahali pale, na ukisiaji wenyewe ni wa siku nyingi sana. Mwaka 1913 kuna Mrusi anaitwa Andrey Markov alikaa akahesabu kwa mkono herufi 20,000 za shairi la Pushkin, akawa anaangalia irabu inafuatwa na nini na konsonanti inafuatwa na nini, akaonyesha kwamba herufi inayokuja inategemea iliyotangulia. Mwaka 1948 Claude Shannon wa Marekani akaichukua fikra hiyo akaiingiza kwenye hesabu za mawasiliano. Zinazotumika sasa zinaweza kutazama maneno mengi kwa mpigo, msingi wake ni muundo uliotoka 2017 unaoitwa transfoma, siyo ile ya kwenye nguzo inayolipuka mvua ikinyesha, lakini mchezo ni uleule, kutokana na uliyoyaona huko nyuma, hapa pana uwezekano wa neno gani? Na kama umelelewa na taarifa za habari na makala za kilimo, basi mbegu umeiona mara elfu na mbege pengine hujawahi kukutana nayo. Sauti inasema mbege, mazoea yanasema mbegu, mazoea yanashinda. Halafu kwenye masimulizi mimi natumwa mlimani kutafuta yale ambayo hayasemwi kila siku, yaani pale penye dhahabu ndipo hasa hii kitu inapoteleza, na pale penye maneno ya kila mtu ndipo inang'aa. Hilo ndo nililokuja kuwaambia, mengine yote ni nyongeza.

Ila mbege ni la kuchekesha. Lililonitoa jasho ni hili.

Mama mmoja wa Mwika, usichana wake alikuwa anafanya vibarua vya kuchuma kahawa kwenye shamba la mtu. Anasimulia bila hasira, anamenya ndizi huku anaongea, unasikia kisu. Kasema "msimu ule hatukulipwa, tulirudi nyumbani na vikapu vitupu". Mashine imeandika "msimu ule hatukulipa, tulirudi nyumbani na vikapu vitupu". Umeona? Ni w moja tu imedondoka, na mama wa watu kahama kutoka kwa anayedai kwenda kwa anayedaiwa. Sentensi yenyewe haina kasoro yoyote ya sarufi, kikagua tahajia hakiwezi kukushtua, mimi nilishtushwa na vikapu tu, nikajiuliza mtu asiyelipa anarudije na vikapu vitupu, nikarudisha sauti nyuma, nikarudisha tena, ile w ipo, imemezwa kidogo na kisu cha ndizi lakini ipo. Ile w ya kutendwa ni kasauti kadogo mno kwenye kitenzi halafu ndiyo inayobeba nani kamfanyia nani. Kama ningetuma hati ile bila kusikiliza, ingeingia kwenye ripoti hivyohivyo na mama asingejua kamwe.

Na hapa ndo nikaanza kutilia shaka zile asilimia wanazotangaza kwenye ukurasa wao. Kipimo chenyewe kinachotumika dunia nzima ni cha kuhesabu maneno, unachukua maneno yaliyobadilishwa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa, unajumlisha, unagawanya kwa idadi ya maneno aliyosema mtu. Kwahiyo akiandika "lakini" badala ya "ila" ni kosa moja, na akiandika "hatukulipa" badala ya "hatukulipwa" nalo ni kosa moja, sawasawa, hakuna tofauti. Ukiniuliza mimi hilo la kwanza ni la kusamehe na la pili ni la kwenda nalo baraza la kata. Tena kipimo hichohicho kinakionea Kiswahili upande wa pili, maana kitenzi chenye silabi saba ukikosea herufi moja neno zima limehesabiwa limekufa, wakati Mwingereza maneno yake yamekatwakatwa, akikosea kakosea kipande.

Kingine ambacho wengi hamtakiona kama kasoro, inasahihisha watu. Mzee wa Uru kasema "ile gari yake ilikuwa mbovu", imeandika "lile gari lake lilikuwa bovu". Vizuri sana kama unaandika barua kwa mkuu wa wilaya. Bosi wangu ni wa historia hakujali, ila nina rafiki anasoma isimu, anachunguza hasa namna watu wa mlimani wanavyopatanisha ngeli wakiongea, nilipomwonyesha akashika kichwa, kwake hiyo ni sawa na kumpeleka mgonjwa hospitali ukampaka poda daktari asione vipele. Mnaofanya utafiti wa lugha yenyewe msiinunue, nimemaliza.

Halafu kimya. Jamani kimya. Kuna mzee wa Kirua nilimuuliza habari za mdogo wake waliyekuwa wanauza naye kahawa, akanyamaza. Kwenye rekodi ni kama nusu dakika, unasikia jogoo kwa mbali na mimi nakohoa, mdogo wake alishafariki na mi sikujua. Nafungua maandishi, kwenye ile nusu dakika mashine imeandika: "Asante kwa kutazama, usisahau kusabskraibu." Nilikaa nimeitazama ile sentensi muda mrefu. Sababu yake ukishaijua ni nyepesi, hizi mashine nyingi zimefundishwa kwa video zenye maandishi chini, na mwisho wa video ndo panapokuwa na kimya au muziki, na ndo panapoandikwa maneno hayo, kwahiyo kwake kimya kina maana moja tu, kipindi kimeisha. Haijui kuacha mahali peupe. Ikikosa cha kusikia inatunga. Mvua ilipopiga bati kule Kibosho ikaandika "sawa sawa sawa sawa" nusu ukurasa, hiyo angalau unaiona kwa macho unafuta. Zinazotisha ni zile inazotunga zikafanana na mazungumzo.

Kichagga chenyewe usitegemee kabisa, haipo kwenye orodha ya lugha zao. Mzee akisalimia "shimbonyi" inaandika kitu kama "shimo nyie", aika, yaani asante, nikaikuta imekuwa "haika" na mara moja "afya ikae". Siwalaumu sana maana hata sisi tunasema Kichagga kana kwamba ni kimoja, wakati wa Rombo na wa Machame wakikutana stendi wanaongea Kiswahili. Mtaalamu wa lugha Malcolm Guthrie alipozigawia lugha za Kibantu herufi na namba mwaka 1948 Kiswahili alikipa G42, na Kichagga akakiweka E62 halafu ikabidi akigawe matawi matatu, Hai, Vunjo na Rombo, na watu wa huku watakwambia hata hayo matatu hayatoshi. Cha kushangaza ukiingia kwenye orodha ya lugha za simu nyingi za Android utakuta Kimachame, Kyivunjo na Kihorombo vimo, kweli kabisa, nenda kaangalie. Nilifurahi nikachagua Kyivunjo, nikasubiri simu iniamkie kama bibi. Menyu zote Kiingereza. Kilichobadilika ni majina ya siku na miezi basi, maana ile orodha ni ya kumbukumbu za tarehe na namna ya kuandika namba, kuna mtu aliwahi kuzijaza na kazi ikaishia pale.

Kuna huduma ya muhtasari na ya kutafsiri kwenda Kiingereza, hizo zinakatwa kwa tokeni. Siyo zile namba 20 za Luku, ingawa zinaisha kwa kasi ileile (naona hawa watu wanapenda maneno ya umeme, transfoma, tokeni, bado jenereta). Tokeni hapa ni kipande cha neno. Mashine haili neno zima, inalikata kwa vipande ilivyozoea kuviona, njia maarufu ya kukata ilibuniwa mwaka 1994 na Philip Gage kwa ajili ya kubana mafaili tu yasijaze nafasi, ndo mwaka 2016 watu wa tafsiri wakaona inawafaa. Sasa maneno ya Kiingereza yameonekana sana, mengi yanapita mazima, ila "tulipowapelekea" yetu inakatwa kama muwa, tena haikatwi kwenye fundo, inakatwa popote. Matokeo yake maelezo yaleyale nikiyaweka kwa Kiswahili kifurushi kinashuka karibu mara mbili ya nikiyaweka kwa Kiingereza. Bei ni ileile kwa wote lakini sisi tunakula kidogo.

Tafsiri sikuitumia sana. Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama imemfanya mwanaume ukurasa mzima, kisa Kiswahili hakisemi yeye ni wa kiume au wa kike na Kiingereza lazima kichague, ikachagua kwa mazoea tena, huku jina la kikundi lina neno wanawake ndani yake! Na saa mbili asubuhi imeiweka 2 a.m. ya Kizungu, yaani saa nane usiku wa manane. Niliishia hapo.

La faragha nalo mjue, sauti inaondoka inakwenda kwenye seva za watu huko, haikai kwenye simu yako. Mimi ilibidi nirudi kwa wazee wanne kuomba ridhaa upya kwasababu fomu ya kwanza ilisema sauti itasikilizwa na watafiti tu. Watatu wakakubali, mmoja akasema yeye maneno yake yabaki Kilema. Ya kwake nimeinukuu mwenyewe kwa mkono, siku mbili, vidole vikawaka moto.

Kwahiyo nimefikia wapi. Nyota tatu kwa tano, na bado nalipia. Mafaili ya watu wanaoongea Kiswahili cha kunyooka naiachia ifanye halafu nasikiliza mara moja mwanzo mpaka mwisho kwa kasi ya kawaida, nikiona kitenzi chenye kukana au cha kutendwa nasimamisha, hiyo sasa ni sheria. Mafaili ya wazee waliochanganya, yale saba magumu, nimempelekea dada wa steshenari. Alikuwa ananicheka toka naingia mlangoni, "umerudi?", kwao ni Kilema, alivaa hedifoni akasikiliza kidogo akasema huyu mzee ni wa upande wa Mwika huyu, anavyovuta maneno. Alikuwa sahihi. Akaandika mbege, mfongo, kihamba, na pale mzee alipokaa kimya akaandika kwenye mabano "ananyamaza". Elfu 20 kwa saa, sikuomba punguzo.

Kabla sijamaliza, kuna mdau aliniambia kwenye setingi kuna sehemu ya kuongeza maneno yako binafsi, unaandika maneno mageni na mashine inayapa kipaumbele. Nikaweka mbege, mfongo, kihamba, meku, aika, yote. Wiki ya kwanza raha tupu, mbege imekaa mahali pake. Juzi nimeweka faili la bwana mmoja wa tambarare kule chini, halimi kahawa, anaeleza ukame ulivyowapiga, na mashine imeandika ameenda dukani akanunua mbege za mahindi kilo kumi, akazifukia, hazikuota.